Kijana hatoki chumbani tangu shule zifungwe

Dada, umesema kijana wako wa miaka 15 amejifungia tangu shule zifungwe, mchana analala, usiku yuko kwenye simu. Anza na usingizi: simu ilale sebuleni saa nne usiku, naye aamke saa moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa umri wake, ila usianzie hapo. Misuli itamuuma na ataacha. Wiki ya kwanza aruke kamba dakika 10: sekunde 30 kuruka, 30 kupumzika. Akiikanyaga katikati, ncha zifike kwapani, ikizidi humkwaza. Jioni tembeeni pamoja bila kumhoji. Vijana huongea wakitembea.

Huzuni ikipita wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Akitaja kufa, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.