Ukisema unakula mboga tu, utaletewa samaki

Nilipoacha nyama, samaki, mayai, maziwa na asali, miaka sita iliyopita, mchana nilikuwa nakula kwa mama ntilie mmoja jirani na kazini, Kariakoo. Nikamwambia kwa kujiamini: "Mama, siku hizi mimi nakula mboga tu." Akaniangalia, akisubiri nimalizie. "Mboga ipi sasa? Kuna samaki, kuna nyama, maini yamebaki kidogo."

Hakuwa ananitania. Kwetu mboga ni chochote cha kushushia ugali, na mtu akiuliza "leo mboga nini?" jibu linaweza kuwa utumbo. Kesho yake nikajirekebisha, nikaagiza wali maharage. Akapakua wali, akamimina maharage, kisha upawa ukazama kwenye sufuria la pili, ukarudi na mchuzi mwekundu wenye macho ya mafuta, ukatua katikati ya wali wangu. "Nimekuongezea mchuzi, dada, usile mkavu. Nyama sijakuwekea."

Nilikula maharage ya pembeni, wali nikauacha. Yeye akakwazika, mimi nikaona haya.

Kwa hiyo wewe unayeanza, acha kuuliza kama kuna nyama. Uliza kimepikwaje. Umekaangia mafuta gani? Umetia supu? Umetia dagaa? Samli je? Na uliza kabla upawa haujanyanyuliwa. Neno vegani, yaani mtu asiyekula wala kutumia kitu kinachotoka kwa mnyama, lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, na ukilitamka mbele ya jiko la mkaa halikusaidii kitu. Taja vitu kwa majina yake. Wengi wakisikia "sili nyama" wanafikiria ng'ombe na mbuzi tu. Kuku ni kuku, na dagaa ni kiungo.

Dagaa ndio walionisumbua kuliko nyama yenyewe. Husagwa na kutiwa kwenye kisamvu au mchicha, na huwezi kuwaona, utasikia harufu tu, tena ukiwa umeshameza. Baada yao ni viungo vya pakiti vya kukoleza mchuzi: geuza pakiti usome, maana vingine vina mafuta ya ng'ombe au unga wa kuku. Chapati huweza kuwa na samli au maziwa, na maandazi huweza kuwa na yai. Vitumbua ni mchele, tui, hamira, sukari na iliki, lakini uliza, kwa sababu wapo wanaoongeza yai ili vikae laini. Mihogo ya kukaanga, kachori na bajia za kunde nakula bila maswali. Najua karai lile lile huenda asubuhi lilikaanga sambusa za nyama. Hapo mimi nimeweka mpaka: mafuta ya karai siyafuatilii. Ukitaka kuyafuatilia, pika kwako.

Na kupika kwetu si shida, kwa sababu tuna nazi. Mbaazi za nazi, makande ya tui, maharage ya nazi, kisamvu kilichotwangwa kikachemshwa vizuri na kutiwa karanga: vyote hivi bibi zetu walipika bila kuviita jina la kigeni. Mwezi ninaokula kwa raha kuliko yote ni Ramadhani, wakati wa futari, maana magimbi, viazi vitamu na ndizi mbichi za nazi vimejaa kila nyumba ninayoalikwa. Nje ya hapo, migahawa ya Kihindi ya Kisutu na Upanga isiyopika nyama ni kimbilio, ila samli na mtindi viko kila mahali, kwa hiyo yale maswali unayarudia. Kwa Wahabeshi ulizia chakula cha mfungo. Waorthodoksi wao Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama, mayai wala maziwa, na injera (mkate wao mpana na laini) yenye dengu na kabichi inashibisha hasa. Maziwa ya soya nilifundishwa kutengeneza na jirani yangu Msabato. Loweka soya usiku kucha, menya maganda, saga, chuja, chemsha mpaka ile harufu mbichi iishe. Usiharakishe hapo mwisho.

Jambo moja halina mjadala: vitamini B12. Haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, na mwili una akiba yake kwenye ini inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu hujidanganya kuwa yuko salama. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 kwa siku. Mimi nanunua vidonge famasi, basi. Madini ya chuma nayapata kwenye maharage na mchicha. Nakamulia ndimu, na chai ya rangi naisogeza mbele kama saa moja baada ya kula, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge vya ganda laini, vile vya kapsuli, mara nyingi ganda lake ni jelatini, yaani mifupa na ngozi za wanyama. Nikiandikiwa na daktari nameza. Sitaki kusikia mtu ameacha dawa kwa ajili ya ganda. Pipi za jelatini ni habari nyingine, na hapo nembo ya halali isikuchanganye: inakwambia si nguruwe, haikwambii si ng'ombe.

Nguo hazinipi taabu. Kanga na kitenge ni pamba au nyuzi za kiwandani, mito yetu ni ya sufi, inayotoka kwenye mti wa msufi (usichanganye na sufu, hiyo ni ya kondoo). Hariri ya kweli nimeiacha, maana viwavi huchemshwa wakiwa ndani ya vifukofuko vyao. Taabu iko kwenye viatu. Ukiwa mnadani kwenye mitumba, tafuta ndani ya kiatu kibandiko chenye michoro midogo, ambacho viatu vinavyouzwa Ulaya hutakiwa kuwa nacho. Mchoro wenye umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi, wa wavu ni kitambaa, na wa almasi tupu ni kitu kingine, mara nyingi plastiki. Soma mistari yote, kwani juu panaweza kuwa kitambaa na ndani ngozi. Viatu vya ngozi nilivyokuwa navyo kabla nilivivaa mpaka vikaisha. Wengine watakwambia uvitupe. Sikuona ng'ombe gani angefaidika.

Vipodozi vinataka macho. Kwenye sabuni ya mche, ukikuta sodium tallowate ujue ni mafuta ya mnyama. Sodium palmate ni mawese. Lanolini hutoka kwenye sufu ya kondoo, na mafuta ya midomo mengi yana nta ya nyuki. Rangi nyekundu yenye namba E120 ni wadudu waliokaushwa na kusagwa, na iko kwenye rangi za mdomo hata kwenye baadhi ya yogati. Maneno "haijajaribiwa kwa wanyama" hayamaanishi kwamba hakina mnyama ndani. Mimi nimerudi kwa mafuta ya nazi, liwa na hina. Kwenye manukato ya nyumbani niliteleza: nilidhani kila kinachotoka kwa somo, yule mama anayemfunda mwali, ni mti na maua, kumbe ambari inatoka kwa nyangumi na zabadi kwa fungo. Sasa nafukiza udi mtupu.

Kazi kubwa ni ndugu. Wataanza na "daktari kakukataza?", waende "umekuwa Msabato?", wamalizie kwa kunong'ona kama ni masharti ya mganga. Sikukuu ya kwanza nilikwenda Tanga, mji unaojisifu kwa maziwa, na shangazi alikaa dakika ishirini akichomoa nyama kwenye pilau kipande kimoja kimoja kwa ajili yangu. Niliona afadhali angenitukana. Siku hizi nafika siku moja kabla, na nazi zangu na mbaazi, nawapikia wote badala ya kuomba kisufuria changu peke yangu. Vinaisha kabla ya pilau.

Idd iliyopita nilimpigia simu kumwambia naja. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Mbaazi nimeshaloweka." Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini hebu niambie ukweli. Hata mtindi?"

"Hata mtindi, shangazi."

"Tanga hii hii?"