Kashata za tairi ni urembo au kazi?

Ndugu umeuliza kama kashata, yani ile michoro ya tairi, ni urembo tu, hapana, vyote viwili. Ile mifereji inatoa maji chini ya tairi gari lisiteleze, ila muonekano wake nao ni mali, Marekani kampuni inasajili mchoro wenyewe kama pambo na kulindwa miaka 15. Mi naipenda sana ile tairi ya kampuni ya Firestone ya 1908, kashata zake zilikuwa herufi kabisa, FIRESTONE NON SKID zimepangwa mshazari, yani ukipita kwenye vumbi unaacha jina barabarani! Inama uangalie ndani ya mfereji, kuna vinundu vidogo vya mpira, kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, hiyo ishakuwa kipara, badilisha.