Wadogo zangu mnaoingia fildi, someni hapa kabla ya swali la tisa

Juzi asubuhi nilikwenda soko la Deep Sea hapa Tanga kununua samaki, nikawakuta vijana wawili wa chuo, vishikwambi mkononi, wamemweka kati mvuvi aliyekesha baharini. Mmoja anasoma swali, mwenzake anabofya. Mzee wa watu anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu huku macho yako kwenye ndoo yake inayonadiwa. Nilitamani kuwavuta mashati. Mimi nami nilisimama hivyo hivyo likizo ya mwaka wa pili, kwa hiyo nina deni kwenu, hasa mnaobeba PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, ambalo la tisa huuliza habari ya kutaka kufa.

1. Barua. Chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata, kijiji: bebeni nakala za kutosha na kila mlango ugonge muhuri wake. Mtendaji akisema njoo kesho, kesho nenda. Lakini ukipewa mtu wa kukutembeza, mwombe kwa adabu akae mbali wakati wa mahojiano. Niliwahi kumsikia mama akijibu huku akimtazama mwenyekiti, na kwa mujibu wa fomu ile nyumba yake haijawahi kulala njaa. Fomu ya jirani yake, ambaye alidhani tunaandikisha kaya maskini za kupewa ruzuku ya TASAF, haikuwa na hata kuku mmoja, na kuku walikuwa wanatupita miguuni. Elezeni mlichofuata, kisha elezeni tena.

2. Mwezi. Kabla ya kupanga ratiba tazameni mwezi, namaanisha wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji yakitoka mbali, akina mama wanashuka mwambani kutafuta pweza, na dodoso lenu la dakika arobaini litasubiri mpaka maji yajae. Wavuvi wa dagaa wa taa wanatoka kwenye giza; mbalamwezi ndiyo muwafuate, wako nyumbani wanashona nyavu na hadithi hawana haraka nazo. Kundi moja lilifika bamvua, likahoji waliobaki majumbani, yaani wagonjwa, wazee na wenye vichanga, kisha likaandika ripoti juu ya "wanawake wa pwani". Wanawake wenyewe walikuwa pwani.

3. Lugha. "Sonona", ile huzuni nzito isiyoondoka, iacheni darasani. Mtu wa huku atakwambia "nina mawazo" na hapo amekwambia mengi. Tafsiri iende na irudi kwa watu wawili tofauti, halafu msomeeni bibi yeyote kwa sauti mwone anapokunja uso. Vile vipimo vya ngazi tano, kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", alivyotuachia mwanasaikolojia Likert mwaka 1932, pangeni kete tano chini, mtu aguse.

4. Hapa nitakaa kidogo.

Kilikuwa kijiji kimoja cha barabara ya Pangani. Nilikuwa na PHQ-9, kila jibu lake lina alama 0 hadi 3, na lengo la watu themanini. Siku hiyo nilishahoji sita, nikataka wanane kabla ya basi la saa kumi. Mama wa saba alikuwa anampiga pweza juu ya jiwe ili alainike, akanijibu bila kuacha kazi. Usingizi? Pa. Karibu kila siku. Hamu ya kula? Pa. La tisa nikalisoma kwa kasi ile ile: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukiwaza kwamba afadhali ufe, au ujidhuru? Mkono ukasimama, pweza akaning'inia. Akasema, "Zaidi ya nusu ya siku hizo," neno kwa neno kama nilivyomsomea. Nikaandika 2. Akangoja. Nikageuza karatasi.

"Umeshaandika?" akaniuliza.

"Nimeandika, mama."

"Haya."

Akarudi kwenye jiwe lake. Nikampa mche wa sabuni wa ahsante, nikaenda kwa wa nane.

Usiku, nimerudi Ngamiani mjini, nikajumlisha alama zake: 19 kati ya 27. Ndipo nikalisikia swali lake. Pengine hakuwahi kumwambia mtu, akamwambia mgeni mwenye karatasi, na mgeni akageuza karatasi. Kwenye propozo nilikuwa nimeandika kwamba watakaohitaji msaada "wataelekezwa panapohusika". Wapi, na nani? Sentensi ile niliinakili kwa kaka mmoja aliyenitangulia. Asubuhi nilipanda basi la kwanza. Jirani akaniambia amevuka kwa dada yake Pemba. Nikaenda zahanati, nikamwomba nesi amfuatilie akirudi. Likizo ikaisha, nikarudi chuo, sikupata habari zake tena. Kwenye data yangu yeye ni namba 47. Utafiti ulipata A.

Dodoso lile lilichapishwa 2001 baada ya kujaribiwa kwenye kliniki, ambako mtu akijibu hivyo daktari yuko karibu. Sisi tumelichukua tukalileta chini ya mwembe, daktari tukamwacha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mhudumu wa zahanati ajue mpo, na namba yake iwe kwenye simu zenu. Swali la tisa lisomeni polepole, kalamu chini. Jibu likizidi sifuri, fungeni dodoso mzungumze: mawazo hayo yalimjia lini mara ya mwisho, amefikiria namna ya kufanya, nani yuko naye nyumbani. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Hatari ikiwa karibu asiachwe peke yake. Mwiteni mtu anayemwamini yeye, si mnayemjua nyie, na mumsindikize zahanati. Msimamizi apigiwe simu hapo hapo. Mkiwa hamna mpango huo, tumieni PHQ-8, haina swali hilo.

5. Data za Kobo, ile programu ya kujazia dodoso kwenye simu, zitumeni kila jioni, simu huanguka majini.

Nipo Chumbageni mpaka Septemba. Aliye na PHQ-9 kwenye begi aje tuipitie kabla hajapanda basi la Pangani.