Mfungulie Mbwa Wako Mchana

Katika mitaa mingi ya Nakuru, kuanzia Kiamunyi hadi Lanet, mbwa hufugwa kwa sababu moja tu, nayo ni ulinzi. Hufungiwa kibandani alfajiri, hutupiwa ugali na vichwa vya omena jioni, kisha hufunguliwa usiku ili awabwekee wapita njia. Na langoni huandikwa onyo la mbwa mkali, hata kama mbwa mwenyewe ni wa kuingia uvunguni mwa gari anaposikia radi. Sina ugomvi na ulinzi, kwa maana hata mimi nilimchukua wangu kwa ajili hiyo. Ushauri wangu ni kwamba mbwa huyohuyo anaweza kuwa msaada mkubwa kwa afya ya mwenye nyumba, mradi mwenye nyumba akubali kumtoa kibandani na kutembea naye yeye mwenyewe, asimwachie kijana wa kazi.

Nilipopatikana na presha, kliniki waliniandikia vidonge, wakanishauri nipunguze chumvi na nitembee kila siku. Vidonge humezwa mara moja na kusahaulika, na chumvi mpishi huipunguza hata bila kukuuliza, lakini kutembea kuna visingizio visivyokwisha: leo matope, kesho vumbi letu jeupe la Nakuru, kesho kutwa mgeni. Mbwa hajui visingizio. Akishazoea kwamba kukipambazuka kamba hutolewa msumarini, atakuja mlangoni, akwaruze, alie kwa sauti nyembamba, na ukijifanya umelala atawaamsha wengine wote ili wakuamshe wewe. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na mbwa mwenye afya hukutimizia kiasi hicho bila wewe kuhesabu.

Tena kuna faida ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Mwanamume wa makamo anayezurura peke yake mtaani asubuhi hutazamwa kwa jicho la kushuku, lakini akiwa na mbwa anasalimiwa. Watoto wanaosubiri basi la shule huniuliza, "Guka, huyu anauma?", yaani babu, na wazazi wao, ambao zamani tulipishana tu kama wapangaji wasiojuana, sasa huniuliza habari za nyumbani. Kwa mtu aliyestaafu, ambaye simu yake hunyamaza kutwa nzima, mazungumzo hayo mafupi si jambo dogo, kwa sababu upweke nao huchakaza mwili.

Kuhusu presha yenyewe, nataka tuwe waangalifu, maana watu wetu wakisikia jambo lina manufaa huacha dawa mara moja. Mwaka 2001, mtafiti Karen Allen wa Chuo Kikuu cha Buffalo nchini Marekani na wenzake walichapisha utafiti juu ya madalali 48 wa hisa wa New York waliokuwa na shinikizo la juu la damu. Wote walipewa dawa, na nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, waliambiwa pia wafuge mbwa au paka. Dawa iliteremsha presha ya wakati wa utulivu kwa makundi yote mawili, lakini walipowekwa katika hali ya msukosuko, kama kupiga hesabu haraka au kutoa hotuba, presha ya wenye wanyama haikupanda sana kama ya wenzao. Kwa maneno mengine, mnyama alisaidia mahali ambapo kidonge kilikuwa kimefika mwisho wa uwezo wake, wala hakuchukua nafasi yake. Chama cha Moyo cha Marekani nacho, katika tamko lake la mwaka 2013, kilikubali kwamba huenda kufuga mbwa kunahusiana na kupungua kwa hatari ya ugonjwa wa moyo, ila kikaonya kwamba mtu asichukue mnyama kwa sababu hiyo peke yake. Naliona onyo hilo kuwa la haki kwa mnyama pia.

Karibu na kwetu, watafiti Johannes Odendaal na Roy Meintjes wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 2003 kwamba mtu anapompapasa mbwa kwa utulivu, homoni ya oksitosini, ambayo huhusishwa na mapenzi ya mama kwa mtoto, huongezeka katika damu ya mtu na ya mbwa vilevile, huku homoni ya msongo iitwayo kotisoli ikipungua kwa binadamu. Mbwa naye hufaidika, jambo ambalo anayemfunga mnyororo kutwa angepaswa kulitafakari.

Si lazima awe mbwa. Baba alipofariki, sisi watoto tuliona heri tumuuze ng'ombe wa mama kule Njoro ili mama apumzike, kwa kuwa kukata majani ya napia na kubeba maji ni kazi nzito kwa umri wake. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mkimwondoa huyu, asubuhi nitaamkia nini?" Tukamwacha, tukamtafutia kijana wa kukata majani, na kukamua akabaki nako yeye. Huanza kwa kumkanda ng'ombe kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, akimweleza habari za jirani na bei ya mahindi, na ng'ombe huteremsha maziwa akiwa ametulia, lakini akikamuliwa na mgeni huyazuia. Wanunuzi wa maziwa nao humjulia hali mama kila siku. Nikiulizwa na wenye wazazi wazee vijijini, hushauri mzee apunguziwe kazi ya kutumia nguvu lakini aachiwe mnyama.

Anayeishi katika nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa, paka anamtosha, na ni nafuu kumlisha. Mzee ambaye magoti yamelegea asipewe mbwa kijana mwenye nguvu, kwa kuwa mvuto mmoja wa kamba unaweza kumvunja nyonga.

Haya yote yatakuwa bure ikiwa mnyama mwenyewe ni mgonjwa. Maziwa yachemshwe, hata yakiwa ya ng'ombe unayempenda, kwa sababu homa ya brusela hupitia maziwa mabichi. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, maana kinaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Mbwa apewe dawa ya minyoo, aondolewe kupe, na juu ya yote achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi ya chanjo itunzwe. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka 2030, na kampeni za chanjo zinapotangazwa vijijini na mitaani, mpeleke wako hata kama hatoki nje ya lango, kwa kuwa mbwa wa jirani huruka ukuta.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akadungwe chanjo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anajulikana. Pilipili, mafuta ya taa na unga wa betri havifai. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huwa ni kifo.