Apokewe kwa vigelegele

Wiki hii mmeuliza: mtoto wa kike akizaliwa katika nyumba ya Kikristo, apokewe vipi? Mimi ni bibi wa hapa Kisauni, na mjukuu wangu wa kwanza, binti, ana miezi minne. Apokewe kwa vigelegele, na nina sababu.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, miaka zaidi ya 30 iliyopita, mgeni wa kwanza kuingia chumbani alimtazama mtoto akaniambia, "Si neno, wa kiume atakuja." Alisema kwa huruma, kama anayenipa pole. Nilikuwa nimelala, maumivu hayajatulia, nikajikuta naitikia ahsante. Ile ahsante imenikaa kooni hadi leo.

Kwa hiyo mkaza mwanangu aliporudi kutoka hospitali, nilimngojea mlangoni. Nilipiga vigelegele mpaka jirani zetu Waislamu wakatoka kuitikia. Mmoja wao alikuja jioni na uji wa pilipili manga, na hakuacha kuuleta wiki nzima. Mwingine, anayejua kukanda, alimkanda mzazi kwa maji ya moto. Hawa hawaji kanisani kwetu, lakini sijui tungempokeaje mtoto bila wao.

Tulihesabu arobaini, vile vile ambavyo tungehesabu kwa mvulana. Nasema hivi kwa sababu wako wazee wanaoishika Walawi 12, pale mama wa mtoto wa kiume anapohesabiwa siku 40 na wa mtoto wa kike 80, wakaisoma kana kwamba binti kaja na dosari. Waendelee hadi aya ya 6. Sadaka anayoleta mama ni ile ile, azae mwana au azae binti.

Na wanaokimbilia kuuliza "wa kike au wa kiume?" husahau swali lililo kubwa zaidi. Mwaka 1844 Rosine, mke wa mmisionari Ludwig Krapf, alijifungua binti hapa Mombasa. Mama akafariki mwezi wa Julai mwaka huo huo, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Wamezikwa upande wa Nyali, si mbali na kwetu. Wiki moja kabla ya mkaza mwanangu kujifungua nilikwenda kwenye kaburi lile nikasali. Simu ilipolia usiku kwamba mama yu salama na mtoto yu salama, nilipiga magoti jikoni kabla sijauliza lolote.

Ubatizo tuliufanya kwa desturi ya kitabu cha zamani cha sala cha Kianglikana: mtoto wa kike awe na mama wawili wa ubatizo na baba mmoja, kwa mvulana ni kinyume. Naipenda sana desturi hii. Tulichagua mwalimu wa hesabu na mwanamke fundi wa umeme, wote wawili watu wa sala, ili mtoto akue akiwaona. Jina lake ni Ana, la yule nabii mjane aliyekuwa hekaluni mtoto Yesu alipoletwa.

Yule mgeni wangu wa miaka ile alikuja pia. Ni mzee sasa, anatembelea mkongojo. Nilimkalisha kitini nikampakatisha mtoto. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza anaitwa nani.