Anza na mlango: ushauri wa kujenga mandhari ya midoli ya mashujaa

Mpwa wangu alipokuwa na miaka minane aliletewa midoli miwili ya askari kutoka Dar es Salaam, na wiki hiyohiyo akaniomba nimjengee nyumba ya kuichezea. Nilichukua boksi la biskuti, nikatoboa mlango na madirisha kwa kukadiria kwa macho, nikapaka rangi na kumkabidhi. Baada ya siku mbili aliiacha. Nilipomuuliza sababu, alimsimamisha askari wake mlangoni akasema, "Mjomba, hii si nyumba ya mtu, hili ni ghala la korosho." Alisema kweli, kwa kuwa mlango ule ulikuwa mara mbili ya kimo cha askari, na mtoto aliliona kosa ambalo mimi mtu mzima sikuliona. Tangu siku hiyo sijakata kipande chochote kabla ya kupima mdoli, na kabla ya ukuta wowote mimi hutengeneza mlango.

Midoli mingi ya mashujaa inayouzwa madukani huangukia katika vimo vitatu: sentimita 30 hivi, ambayo ni sehemu moja ya sita ya mtu halisi, sentimita 15, yaani moja ya kumi na mbili, na sentimita 9.5, yaani moja ya kumi na nane. G.I. Joe wa kampuni ya Hasbro ya Marekani alitoka mwaka 1964 akiwa na kimo kile cha kwanza, na mwaka 1982 akarudi sokoni akiwa na kile cha tatu, kwa hiyo jina la mdoli halikuambii kipimo chake, chukua rula. Ukishajua kimo, hesabu ni ya kugawanya tu. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 16.7 kwa mdoli wa sentimita 15, na sentimita 11 kwa ule wa 9.5. Kidato cha ngazi chenye sentimita 18 kinakuwa sentimita 1.5 au 1. Upana wa mlango, hata hivyo, ninauongeza kidogo kupita hesabu, kwa sababu midoli hii husimama ikiwa imetanua miguu, na mlango ulio sahihi kwa mtu halisi humbana shujaa mabegani.

Suala la nini cha kujenga lilinisumbua kwa muda, kwani picha nyingi nilizoziona mtandaoni ni za vichochoro vya miji ya Marekani, vyenye ngazi za chuma za kukimbilia moto na matofali mekundu. Nilijaribu kuziiga nikashindwa, si kwa kukosa vifaa bali kwa kuwa sijawahi kuona jinsi ukuta wa namna hiyo unavyozeeka. Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani na Mtwara, ninaijua. Ninajua kwamba katika nyumba zile kongwe za mawe ya matumbawe chokaa hubanduka kwanza chini, karibu na ardhi unyevu unakopanda, na kwenye pembe, huku katikati ya ukuta ikibaki imara na kuingia weusi wa mvua. Maarifa hayo huwezi kuyanunua, nayo ndiyo yanayomfanya mtazamaji aamini kuta zako. Kwa hiyo ninakushauri ujenge mahali unapopapita kila siku, uende hapo na daftari, uchore na kupima: kimo cha baraza, unene wa kuta, nafasi kati ya dirisha na dirisha.

Vifaa vyenyewe vinapatikana Mtwara bila gharama kubwa. Mwili wa ukuta ninautengeneza kwa lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni na majokofu, ambalo wenye maduka huwa wanalitupa. Mawe ninayapata kwenye trei za mayai: zichane vipande visivyolingana, vibandike kwa gundi nyeupe ya mafundi seremala, kisha paka juu yake mchanganyiko mzito wa gundi hiyo, maji kidogo na vumbi la mbao lililochekechwa, ukiacha mawe wazi pale tu chokaa inapotakiwa kuwa imebanduka. Vijiti vya mishikaki hutosha kabisa kuwa boriti za dari, na nyuzi za makumbi ya nazi, zikikatwa na kupangwa safu juu ya safu kuanzia chini, hutoa paa la makuti. Mchanga wa pwani unafaa, ila uoshe kwa maji baridi mara tatu au nne na kuuanika, kwa maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu na rangi huanza kuchubuka.

Kuhusu rangi nina onyo moja ambalo nililipia. Ukuta wangu wa kwanza wa povu niliupulizia rangi ya kopo, na ndani ya dakika chache uso wake ulikuwa umeyeyuka na kuwa mashimo, kwa sababu viyeyushi vilivyomo katika rangi hiyo hulila povu. Kwanza lifunike lote kwa tabaka mbili za rangi ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe, na uhakikishe hakuna hata tundu dogo lililobaki wazi. Baada ya hapo, uzee wa ukuta unatokana na mikono miwili ya rangi. Mkono wa kwanza ni rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi, ambayo unaiacha iingie mifuoni kabla ya kuifuta juu. Mkono wa pili ni rangi nyepesi kwenye brashi iliyofutwa gazetini mpaka ikawa karibu kavu, ambayo unaipitisha juu juu ili iguse sehemu zilizoinuka peke yake. Usiharakishe kati ya mikono hiyo. Miezi ya mvua ninaacha siku nzima, na kazi iliyokamilika siiweki sakafuni wala ukutani, kwa kuwa mchwa hupenda maboksi na trei hizo.

Amua mapema pia kama unajenga kitu cha kutazamwa au cha kuchezewa. Cha kuchezewa kinahitaji upande mmoja uwe wazi, paa linaloinuliwa, na vyumba ambamo mkono wa mtoto unaingia mpaka kiwiko bila kuangusha kitu. Midoli mingi ina matundu kwenye nyayo. Pandikiza vipande vifupi vya vijiti vya mishikaki sakafuni, vilivyosuguliwa kwa msasa mpaka vikatoshea, na shujaa atasimama hata meza ikitikiswa. Kisu na supaglu vibaki kwa mtu mzima.

Kazi ninayoifanya sasa ni ya Tendaguru, huko Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 wachimbaji wenyeji wakisimamiwa na Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote, Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Kwa midoli ya sentimita 9.5 mnyama huyo angefika sentimita 74, nami sina meza wala karatasi za kumtosha, kwa hiyo ninajenga shimo la uchimbaji lenye mfupa mmoja tu wa mkono wa juu, uliokuwa na zaidi ya mita 2 na ambao hapa unakuwa karibu sentimita 12. Nimeufinyanga kwa trei za mayai zilizolowekwa na gundi. Jumapili iliyopita ulipokauka, mpwa wangu, ambaye sasa yuko sekondari, alimlaza askari wake wa zamani kando ya mfupa huo, akachukua rula, akaanza kupima vimo vya ngazi za kushukia shimoni.