Muulize Anti wa Hela: Pensheni iko Leicester, mwenyewe niko Kimara

SWALI: Anti hujambo mwanangu. Mimi ni nesi mstaafu, nimefanya kazi Leicester miaka mingi, 2024 nikarudi zangu Kimara nipumzike kwenye nyumba yangu. Pensheni inaingia benki ya kule kule, huku natoa kwa kadi kwenye ATM na makato yananimaliza. Sasa apu ya benki imenitoa nje, inataka OTP, ile namba ya siri ya kutumia mara moja, inayotumwa kwenye laini yangu ya Uingereza na laini yenyewe imeshakufa. Binti yangu aliyebaki kule, ambaye barua zangu zote zinafikia kwake, anasema apige benki ajifanye mimi, tarehe ya kuzaliwa na kila kitu anakijua. Halafu wenzangu wananiambia nisithubutu kusema nimehama maana pensheni itagandishwa. Ni kweli? Nifanyeje mwanangu?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa usumbufu. Shida yako naona ni moja tu, kwenye makaratasi bado unaishi Leicester. OTP inakutafuta Leicester, barua zinakutafuta Leicester, na sasa binti naye anataka aigize kwamba mama yupo sebuleni hapo. Mwambie aache kabisa, benki ikimshtukia wanafunga akaunti kwanza maswali baadaye, na kuifungua ukiwa Kimara ni kazi nyingine. Piga mwenyewe, pasipoti na kadi viwe mezani, waambie namba imekufa unataka kubadilisha. Kama unataka binti akusaidie kihalali, benki za kule zina fomu ya kumruhusu mtu mwingine kwenye akaunti yako, mnasaini basi, hakuna haja ya maigizo.

Ila subiri, kabla hujapiga kuna mpangilio wa kufuata na hapa ndipo wengi wanajichanganya. Kuna benki za kule ambazo zikijua umehama nchi zinaamua kukufungia akaunti, wanakupa notisi halafu kwaheri. Kwa hiyo anza huku, fungua akaunti yako ya hapa kwa jina lile lile lililoandikwa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana kule ukiwa Rehema na huku Mama Rehema hela inarudi ilikotoka na makato juu. Ikishafunguka ndio uwaambie watu wa pensheni, kitengo chao cha watu wanaoishi nje kinaitwa International Pension Centre, wanaweza kukulipa moja kwa moja kwenye benki ya Tanzania na unachagua kila wiki 4 au kila wiki 13. Mimi ningechukua wiki 4, wiki 13 ni ndefu mno kwa mtu anayenunua umeme wa Luku na dawa za presha. Hela itaingia kwa shilingi, kiwango cha siku hiyo hukichagui wewe, lakini mara nyingi bado ni nafuu kuliko kupanga foleni ATM na kadi ya ugenini.

Fomu zikifika kuna kisanduku cha IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, huenda kikakukwamisha. Tanzania hatutumii IBAN mama. Huku ni namba ya akaunti pamoja na SWIFT code, yaani utambulisho wa benki yako kimataifa, muulize dada wa kaunta akuandikie kwenye karatasi, na mtu asikudanganye kwamba akaunti yako haipokei hela za nje kwa sababu haina IBAN.

Sasa hili la kugandishwa. Ndiyo, ni kweli na inauma, ila maana yake haisimamishwi, inaacha tu kupanda. Pensheni ya serikali ya Uingereza inapanda kila Aprili kwa aliyeko kule na kwa nchi chache walizokubaliana nazo, Tanzania haimo, Kenya haimo, hata Australia na Canada hawamo, Morisi imo. Mtu aliyehamia huku na pensheni kamili mpya ya paundi 221.20 kwa wiki ya 2024 anabaki hapo hapo, mwenzake wa kule Aprili 2025 kapanda hadi 230.25. Najua unapiga hesabu kichwani, unaona bora ninyamaze. Usinyamaze, kwa sababu zile nyongeza ulizopokea ukiwa Kimara siku wakijua watazidai zote, na watajua, wanatuma fomu za kuthibitisha kwamba mtu bado yupo hai, inatakiwa shahidi asaini, usipoirudisha malipo yanasimama. Fomu hiyo ikienda kwa binti na akaisahau juu ya friji itakuwaje? Kodisha sanduku la posta lako mwenyewe, mambo ya kutumia S.L.P. ya kanisa au ya ofisi ya shemeji acha. Cha kukufariji, pensheni ya NHS, ile ya kazi ya hospitali za serikali ya kule, kama unayo ni mambo tofauti, yenyewe inaendelea kupanda hata ukiwa huku, na ukirudi kuishi kule ile ya serikali nayo inarudi kwenye kiwango cha wakati huo.

Akaunti ya kule ikikubali kubaki, iache na akiba kidogo. Na siku ukilazimika kutoa kwa kadi, soma ile skrini ya mwisho kabla hujabonyeza, mashine inakuuliza kwa upole kama wakukate kwa paundi au kwa shilingi, paundi inaonekana ya kwako unaijua, ndio mtego wenyewe, maana hapo mashine inajipangia kiwango chake. Bonyeza shilingi. Na toa nyingi kwa mkupuo kadiri mashine inavyoruhusu, maana ada ya mashine kwa kila muamala mara nyingi ni ile ile utoe elfu hamsini utoe laki nne, ingawa kwa noti zetu kubwa kuwa elfu kumi utatoka na pochi imevimba, nenda na mtu. Dola za kuweka ndani za nini? Tangu Machi 2025 bei za bidhaa na huduma hapa nchini ni kwa shilingi kisheria, fundi anayetaka dola anakuonea tu.

SWALI: Anti mambo, baba yetu ni mstaafu wa serikali, analipwa na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, sasa yupo Muscat kwa kaka. Kadi yake ya ATM kaniachia mimi huku Tabata na namba ya siri ninayo, natoa namtumia. Kuna ubaya?

JIBU: Poa. Ubaya upo, kadi ni ya baba sio ya familia, na ikitokea ndugu wamegombana wewe ndio utaitwa mwizi. Baba aweke apu ya benki kwenye simu yake atoe mwenyewe. Uhakiki wa wastaafu PSSSF siku hizi wanayo apu ya PSSSF Kiganjani, ajihakiki kutoka huko huko. Kikubwa ni ile laini yake ya Tanzania, iwekeeni vocha na itumike, ikifungwa kuirudisha kunataka alama ya kidole na kidole kiko Muscat. Na akikutumia meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", mpigie kwanza usikie sauti yake.